Ajali Ina Kinga: Twende Dar Tukatazame Matuta

Mpenzi msomaji, juma hili hatukupeleki Maasai Mara kutazama nyumbu wakivuka mto, wala Lamu kula halua. Twakualika safari ambayo haina ngome ya kale wala mnyama wa porini. Twende Dar es Salaam tukatazame matuta ya barabarani.

Usicheke. Ikiwa wewe ni mzazi, na mwanao huenda shuleni kwa miguu kila siku, huenda ukarudi nyumbani ukiamini kwamba tuta la zege lililopakwa rangi nyeupe ni kivutio kuliko simba.

Umewahi kusoma nyuma ya matatu maneno haya: "Ajali haina kinga"? Bila shaka umeyasoma, na pengine umeyatamka mwenyewe ukiwa matangani. Ni methali ya wazee wetu, na wazee wana heshima yao. Lakini walioitunga waliijua nazi inayoanguka na mtumbwi unaopinduka. Hawakulijua basi la abiria 60 linaloteremka kwa kilomita 80 kwa saa, huku mtoto wa miaka saba amesimama ukingoni mwa lami akingoja kuvuka.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka wa 2023, lilisema kwamba watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka ulimwenguni. Kwa watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29, hakuna kinachowaua kwa wingi kuliko ajali za barabarani. Si malaria, si ukimwi, ni magari. Hapa kwetu Kenya watu zaidi ya 4,700 walifariki barabarani katika mwaka wa 2024, na kundi kubwa kuliko yote miongoni mwao lilikuwa la watu wanaokwenda kwa miguu, sio madereva wala abiria. Na nani huenda kwa miguu kuliko mtoto wa shule?

Basi funga mizigo. Safari ni ndefu.

Kuanzia Likoni

Vuka Likoni alfajiri, mpenzi msomaji, maana ukichelewa hutawaona tunaokwenda kuwatazama. Feri ikishagusa ng'ambo, panda basi la kuelekea Lunga Lunga na ujitafutie kiti cha dirishani. Barabara hii yapita Ng'ombeni, Tiwi, Ukunda na Msambweni, baina ya minazi na mikorosho. Watalii hutazama upande wa bahari. Wewe tazama ukingo wa lami.

Kabla jua halijapanda, ukingo huo hujaa watoto. Wanatembea wawili wawili na watatu watatu, mabegi yamewalemea migongoni, dada mkubwa amemshika mdogo wake mkono. Mahali penye njia ya miguu wanatembea humo. Mahali pasipo na njia wanatembea ukingoni mwa lami, na basi likipita upepo wake huwapepesua sketi. Halafu hufika pale penye shule, na shule iko ng'ambo.

Ni kwa nini shule zetu nyingi zikaelekeza lango barabarani? Kwa sababu nyingi zilijengwa zamani, wakati barabara ilikuwa ya vumbi, na gari likipita watoto walitoka darasani kulishangilia. Kuwa karibu na barabara ilikuwa baraka. Baadaye lami ikaja, magari yakaongezeka na mwendo ukaongezeka. Lango la shule likabaki pale pale lilipokuwa.

Hebu tufanye hesabu hapo hapo dirishani, tusiwaachie watoto peke yao kazi ya hesabu. Barabara ya kawaida yenye njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, ina upana wa karibu mita saba. Mtoto mdogo anayetembea polepole huenda kama mita moja kwa sekunde. Kwa hivyo anahitaji sekunde saba kutoka ukingo hadi ukingo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 155 katika sekunde hizo saba. Hizo ni kama viwanja kimoja na nusu vya kandanda! Yaani mtoto huyo, ili avuke salama, inampasa aone gari lililo mbali kiasi hicho, akadirie mwendo wake, kisha aamue. Na ikiwa kuna kona, kilima, au matatu iliyoegeshwa, hataliona kamwe.

Gari hilo hilo likienda kilomita 50 kwa saa, litakata mita 97. Likienda kilomita 30, litakata mita 58 tu.

Sasa utasema, "Mwanangu nimemfunza. Huangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena." Vyema, na uendelee kumfunza, maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini kuna jambo ambalo mafunzo hayawezi kulitenda. Watafiti wa Royal Holloway, mojawapo ya vyuo vya Chuo Kikuu cha London, walichapisha mwaka wa 2011 matokeo ya uchunguzi wao kuhusu macho ya watoto wa shule za msingi. Waligundua kwamba gari likipita mwendo wa karibu kilomita 32 kwa saa, mtoto huenda asitambue kwamba linamjia. Analitazama, lakini kwake ni kama limesimama. Uwezo huo wa kupima mwendo hukua pamoja na mtoto, kama yanavyokua meno. Huwezi kumchapa mtoto wa miaka sita ili aote meno ya utu uzima.

Kwa hivyo mtu akisema, "Mtoto aliruka barabarani ghafla," huenda anasema kweli kuhusu alichokiona. Lakini huenda mtoto naye aliangalia kulia, kushoto na kulia tena, na macho yake yakamdanganya. Ajali za namna hii hutupiwa mtoto lawama, naye hayupo tena kujitetea.

Baada ya Horohoro

Ukishagonga muhuri mpakani Lunga Lunga na Horohoro, unaingia Tanzania. Barabara yakushusha hadi Tanga, mji wa mkonge, kisha yapanda Muheza ambako machungwa huuzwa kando ya njia kwa mafungu. Ukifika njia panda ya Segera, shuka ujinyooshe na unywe chai. Kutoka hapo waelekea kusini, wavuka mto Wami kwa daraja jipya, hadi Chalinze.

Katika kipande hiki kuna jambo ambalo Mkenya hulitambua upesi. Karibu kila kijiji, kuna kibao cheupe chenye duara jekundu na tarakimu 50. Na dereva hupunguza mwendo kweli! Hata akiwa amechelewa, hata barabara ikiwa nyeupe bila mtu. Ukimwuliza kwa nini, atakuonyesha kwa kidevu askari wa trafiki aliyesimama chini ya mwembe na kifaa cha kupimia mwendo mkononi. Faini ni Sh30,000 za Tanzania, papo kwa papo. Madereva wetu wanaokwenda huko na magari yao hurudi wakilalamika kwamba Watanzania wana roho mbaya. Wasilolisema ni kwamba hata sheria yetu yasema kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara. Sheria ni moja. Kinachotofautiana ni mwembe na yule aliyesimama chini yake.

Hata hivyo si askari tuliyekuja kumtazama, kwa maana askari huchoka, hula chakula cha mchana, na wengine, Mungu awasamehe, hula vingine. Tumekuja kutazama askari asiyelala wala kula. Endelea na safari. Kutoka Kibaha hadi Kimara barabara ya Morogoro imepanuliwa ikawa na njia nane. Utapita Mbezi, kilipo kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli kilichofunguliwa mwaka wa 2021, na jiji litakupokea kwa joto lake.

Ndani ya jiji

Dar es Salaam ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka wa 2022. Jiji hili lina daladala, bajaji, bodaboda, na mabasi ya mwendokasi yenye njia yao wenyewe. Pia lina watoto wengi mno. Tanzania iliondoa karo za shule za msingi mwaka wa 2001, sisi tukafuata mwaka wa 2003. Kote kuwili watoto walifurika madarasani. Tulihesabu madawati, tukahesabu vitabu, tukahesabu vyoo. Vivukio vya barabara hatukuvihesabu.

Asubuhi ya kwanza, ondoka hotelini mapema na uache barabara kuu. Shuka mitaani, kule Temeke au Ilala, ambako barabara za ndani zina shughuli kama soko. Watoto wa shule za msingi za serikali utawajua kwa mashati meupe na kaptura au sketi za buluu. Wafuate kwa macho tu, wasikuogope. Baadhi yao watakufikisha kwenye shule ambayo mbele yake dereva hana budi kukanyaga breki, apende asipende.

Kazi hii ilianza mwaka wa 2012. Shirika liitwalo Amend, linaloshughulikia usalama barabarani katika Afrika, lilianzisha mpango unaojulikana kwa kifupi kama SARSAI. Nia yake ni kuzikagua barabara zilizo karibu na shule na kuzirekebisha. Tazama jinsi walivyofanya, maana hapa ndipo palipo na funzo.

Kwanza, hawakuanza na shule iliyo karibu na ofisi wala shule ya mkubwa fulani. Waliuliza ni wapi watoto wanaumia zaidi, wakaanza na hapo. Pili, walizitazama njia zenyewe wanazozitumia watoto kutoka nyumbani hadi shuleni. Ramani yaweza kukuonyesha barabara, lakini haitakuonyesha kwamba watoto hawapiti kwenye kona kwa sababu kuna mtaro wa maji machafu, na kwamba wote huvukia kwenye kibanda cha mihogo. Tatu, walizungumza na walimu, wazazi na wakuu wa mtaa kabla ya kuchimba hata shimo moja.

Kisha wakajenga. Wala usitarajie kuona maajabu. Utaona tuta kabla ya kivukio na tuta baada ya kivukio. Utaona mistari ya pundamilia, vibao vya kumwonya dereva kwamba kuna shule, na njia ya miguu kando ya barabara. Njia hiyo imewekewa nguzo fupi za zege ili bodaboda na magari yasiifanye barabara ya pili. Na mahali pengine utaona jambo ambalo ni rahisi kuliko yote. Lango la shule lililokuwa likifunguka kwenye barabara yenye magari mengi limehamishwa, likafunguliwa upande wa kichochoro. Mtoto anayekimbia kengele ikilia sasa anakimbilia kwenye mchanga, wala si kwenye lami.

Baada ya kujenga, watoto hufunzwa namna ya kukitumia kivukio chenyewe, pale pale nje ya shule. Mtoto hafunzwi kuvuka barabara ya kwenye picha. Anafunzwa kuvuka barabara yake.

Hesabu zilivyosema

Watu wengi hutenda mema wasirudi kupima kama yamefaa. Hawa walirudi. Watafiti walilinganisha mitaa ya shule zilizorekebishiwa barabara na mitaa ya shule ambazo zilikuwa bado, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la kitaalamu la mambo ya kuzuia majeraha. Palipojengwa, majeraha ya watoto yalipungua kwa asilimia 26 hivi. Mwendo wa magari nao ulipungua, mahali pengine kwa kiasi cha asilimia 60.

Asilimia 26 ni nini? Ni kama kusema kati ya watoto wanne ambao wangegongwa, mmoja yuko darasani asubuhi hii. Hakujua kwamba alikuwa agongwe. Mamake pia hajui, na hakuna atakayemwandikia barua kumweleza. Kinga ina tabia hiyo ya kutenda kazi yake bila kupigiwa makofi.

Hata hivyo mwaka huo huo wa 2019 makofi yalipigwa, mbali sana na Temeke. Kule Marekani, mpango huu ulishinda tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross Center, yenye kitita cha dola 250,000. Ulishindana na miradi mikubwa kutoka pembe nyingi za dunia. Wakati huo ulikuwa umekwisha kufika maeneo 50 ya shule katika nchi tisa za Afrika. Matuta na rangi vilishinda miradi iliyokuwa na majina marefu.

Na mwezi wa Februari 2020, mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walipokutana Stockholm, Uswidi, waliafikiana kwamba mahali ambapo magari huchangamana na watu wa miguu mara kwa mara, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Watu wanaogongwa kwa mwendo huo wengi hupona. Mwendo ukipanda hadi 50 na kuendelea, hatari ya kifo huongezeka mara kadhaa. Ukikumbuka ile habari ya macho ya watoto tuliyoizungumzia tukiwa njiani, utaona kwamba tarakimu 30 haikuokotwa hewani.

Si peponi

Tusikudanganye, mpenzi msomaji. Dar si peponi. Shule zilizorekebishiwa barabara ni chache ukilinganisha na zilizobaki. Ukitembea vya kutosha utaona pia mistari ya pundamilia ambayo jua na magurudumu yameifuta, na mwendeshaji bodaboda anayelikwepa tuta kwa kupita kando. Kazi ya barabara ni kama kazi ya kufagia ua. Hufagii mara moja ukamaliza.

Na kuna malalamiko ya madereva. Wanasema matuta yanawavunjia springi, yanawachelewesha, na kwamba yakizidi barabara haitakuwa barabara tena. Malalamiko haya yana ukweli ndani yake. Tuta lililojengwa vibaya, refu kama kaburi, lisilopakwa rangi wala kuwekewa kibao, ni hatari lenyewe, hasa usiku kwa mwenye pikipiki. Tuta jema lina kipimo chake, lina rangi, na hutanguliwa na onyo.

Lakini hili la kuchelewa tulipime. Tuseme eneo la shule lina urefu wa mita 300. Dereva akilipita kwa kilomita 80 kwa saa, atatumia sekunde 13 na nusu. Akilipita kwa kilomita 30, atatumia sekunde 36. Tofauti ni sekunde 22 na nusu. Hiyo haitoshi hata makanga kumrudishia abiria chenji.

Na sisi huku?

Kwetu matuta yana desturi ya kusikitisha. Mara nyingi hujengwa baada ya jeneza. Mtoto hugongwa, wakazi huziba barabara kwa mawe na matairi yanayowaka, polisi huja, mkubwa huahidi, na tuta hujengwa. Wakati mwingine wakazi hulijenga wenyewe usiku kwa mawe na udongo, na kesho yake linamwangusha mwenye baiskeli. Hasira yao ina haki, lakini hasira si kipimo cha mhandisi.

Tumejenga mambo makubwa pia. Barabara ya Thika ya njia nane, kilomita 50 kutoka Nairobi, ilifunguliwa rasmi mwaka wa 2012, na madaraja ya kuvukia watu yapo juu yake. Kwenye barabara kubwa namna hiyo daraja halina mbadala, na mfunze mwanao alitumie hata kama ni mbali. Lakini shule nyingi za Kenya haziko kando ya njia nane. Ziko kando ya lami nyembamba yenye njia mbili, ambapo hakuna atakayejenga daraja la mamilioni, na ambapo tuta na rangi vingetosha.

Kwa hivyo usirudi na picha peke yake. Rudi na mambo haya.

Kwanza, hesabuni. Chama cha wazazi na walimu wakuu waandike daftari moja: ni watoto wangapi wamegongwa au kukoswakoswa muhula huu, mahali gani, saa ngapi. Barua yenye daftari hujibiwa haraka kuliko barua yenye machozi.

Pili, jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, za mijini chini ya KURA, za mashambani chini ya KeRRA, na nyingine ni za serikali ya kaunti. Wengi wetu hupeleka malalamiko mahali pasipohusika, kisha hulaumu serikali yote. Uliza kwanza, ndipo uandike, na nakala moja impelekee mwakilishi wa wadi yako. Ombeni mambo yanayotajika: matuta mawili yenye rangi, kivukio, vibao, na njia ya miguu.

Tatu, litazameni lango. Je, shule ina upande mwingine ambao mlango ungeweza kufunguliwa? Hili halihitaji wizara. Lahitaji kikao cha bodi ya shule, fundi mmoja, na siku mbili.

Nne, mtembee na mtoto. Mwonyeshe mahali pa kuvukia, na umfunze asivuke mbele wala nyuma ya matatu iliyosimama mpaka iondoke. Mahali pasipo na njia ya miguu, atembee upande ambao magari yanamjia usoni. Mdogo asivuke peke yake. Wazazi wa mtaa mmoja waweza kupeana zamu, leo wewe wavusha kumi, kesho jirani.

Tano, na hili ni kwa msomaji aliye na usukani. Sheria inamtaka dereva awapishe watu walio kwenye kivukio. Usingoje tuta likufunze adabu. Haraka haraka haina baraka, na mbele ya shule ni sekunde 22 tu unazoombwa.

Wazee wetu waliposema ajali haina kinga walikuwa wakimfariji mfiwa, na maneno ya matangani yana mahali pake. Tusiyachukue tukayafanya mpango wa kazi. Kinga ipo. Ina urefu wa upana wa barabara, imetengenezwa kwa zege, na imepakwa rangi nyeupe.

Kesho Jumatatu, kabla hujakimbilia kazini, msindikize mwanao hadi ukingoni mwa lami. Simama hapo naye, mtazame magari, na wakati anapovuka hesabu sekunde kwa sauti. Ukifika saba utakuwa umeyajua yote tuliyokupeleka Dar kuyajua. Kazi kwako, mpenzi msomaji.